Brashi za Kupaka Rangi Meli: Namna ya Kuzichagua na Kuzitumia

Ukitaka kujua kama meli ilipakwa rangi na watu makini, usihangaike na ubavu wake mpana. Chungulia nyuma ya ngazi, kagua pembe za milango ya sitaha, vichwa vya bolti, mishono ya kuchomelea, na matundu ya kupitishia maji chini ya mbavu. Kutu huanza huko. Rangi ikiwa bado mbichi ina tabia ya kujivuta: juu ya ukingo mkali hukimbilia pande mbili zilizo bapa na kuuacha ukingo wenyewe na utando mwembamba sana. Bunduki ya rangi hupita juu ya shimo bila kulijaza, na rola huruka bonde lililo kati ya mshono na bamba. Brashi peke yake ndiyo inayoisukuma rangi hadi iingie.

Kwa hiyo naomba msomaji aache kuifikiria brashi kama kifaa cha anayekosa mashine. Hata kwenye viwanda vikubwa vya meli, penye mitambo ya kupulizia yenye nguvu, kuna watu ambao kazi yao ya siku nzima ni kutembea na brashi na kopo dogo. Mwongozo huu ni wa kuchagua brashi inayofaa na kuitumia ipasavyo. Nazungumzia hasa meli za chuma, ila mengi yanafaa pia kwa boti za mbao na za faiba.

Hatua ya 1: Ijue rangi kwanza, brashi baadaye

Kila rangi ya meli huja na karatasi ya maelezo. Isome kabla ya kwenda kununua brashi, na utafute mambo matatu: rangi inazimuliwa kwa maji au kwa thina, ni ya kopo moja au ya makopo mawili, yaani rangi na hadina (dawa ya kuigandisha), na ikishachanganywa inatumika kwa muda gani kabla haijaganda.

Rangi za thina, kama alkidi, vanishi, epoksi na poliurethani, huenda vizuri na brashi ya nywele za asili, hasa nywele za nguruwe. Unywele wa nguruwe umepasuka ncha. Mpasuko huo hushika rangi nyingi na kuiachia kidogo kidogo, kisha hulainisha alama za mpigo. Hakuna uzi wa kiwandani uliowahi kunishawishi niuache unywele huo kwenye epoksi nzito.

Rangi za maji ni kinyume chake. Nywele za asili hunywa maji, zikavimba, zikalegea kama mfagio uliolowa, na baada ya nusu saa brashi haina tena nguvu ya kusukuma chochote. Hapo chukua nyuzi za poliesta au mchanganyiko wa poliesta na nailoni. Nailoni tupu ni laini na hudumu, ila hulegea kwenye joto, na baadhi ya thina kali huidhoofisha. Brashi za sponji ni nzuri kwa vanishi kwenye kazi ndogo, lakini thina kali huzimeng'enya mikononi, kwa hiyo ziweke mbali na epoksi na poliurethani.

Hatua ya 2: Chagua umbo kulingana na mahali

Mtu mwenye brashi moja ataipaka meli nzima vibaya. Seti ndogo ya brashi tano au sita inatosha kwa kazi nyingi.

Ya kwanza ni brashi ya mviringo au ya duaradufu, ile nene iliyojaa nywele. Hii ndiyo ya kingo, mishono, bolti na vishimo. Inashika rangi nyingi, na kwa kuwa ni mviringo unaweza kuizungusha kwenye kichwa cha bolti au ndani ya tundu bila kukutana na kona yake. Kama bajeti inaruhusu brashi moja tu ya gharama, iwe hii.

Ya pili ni bapa ya milimita 50 hadi 75, ya kazi za kawaida: reli, milango, vizingiti, mbavu za ndani. Ile ya milimita 100 inavutia kwa sababu inafunika haraka, ila ikijaa epoksi ni nzito, na mkono ukichoka mpigo unaanza kuteleza. Mimi naitumia kulainisha tu, kazi nitakayoieleza chini.

Kisha kuna bapa yenye ncha iliyokatwa mshazari, milimita 38 hadi 50, ya kuchora mpaka kati ya rangi mbili. Na ile ya mpini mrefu uliopinda shingo, ambayo hufika nyuma ya mabomba na upande wa nyuma wa vyuma vya pembe. Usianze kazi ndani ya tangi au chumba cha mashine bila hii ya shingo, kwa sababu mahali mkono usipofika ndipo kutu hukaa kwa amani kwa miaka.

Mwisho ni brashi nyembamba za milimita 12 hadi 20 kwa ajili ya alama na namba.

Vipi kuhusu brashi za bei ya chini za kutumia na kutupa? Zina kazi yake. Kwa kiraka cha epoksi kwenye sitaha, ambapo brashi itaganda hata hivyo, haina maana kuharibu nzuri. Lakini hazifai ndani ya matangi, kwa sababu zinamwaga nywele. Unywele uliobaki ndani ya utando huwa njia: ncha moja iko juu, nyingine imegusa chuma, na maji ya chumvi hufuata njia hiyo.

Hatua ya 3: Ikague kabla ya kuilipia

Ishike mkononi. Pinda nywele kwenye kiganja: zinapaswa kujikunja kisha kurudi zilivyokuwa. Zikibaki zimelala, iache. Zivute kwa nguvu ya wastani. Unywele mmoja au mbili kutoka si tatizo kwenye brashi mpya, ila zikitoka kwa fungu, gundi ya ndani ni dhaifu na thina itaimaliza.

Sasa zifungue katikati kwa vidole na utazame ndani. Kwenye kila brashi bapa kuna kipande cha mbao au plastiki kinachotenganisha nywele ili patokee nafasi ya kubebea rangi. Kwenye brashi mbovu kipande hicho ni kinene mno. Nje inaonekana imejaa, ndani ni pango tupu. Tazama pia ncha za nywele kwenye mwanga. Zikiwa zimepasuka na kuwa laini, ni nzuri. Zikiwa zimekatwa butu kama kwa mkasi, zitaacha mifereji kwenye rangi.

Usisahau lile bati linaloshika nywele. Kwa kazi za baharini liwe la chuma kisichoshika kutu, shaba, au lililopakwa nikeli, na lisicheze kwenye mpini. Bati la kawaida likipata hewa ya chumvi hutoa kutu, na kutu hiyo hushuka na thina hadi kwenye nywele, ukajikuta unapaka rangi nyeupe yenye michirizi ya kahawia.

Hatua ya 4: Iandae brashi mpya

Ipigepige kwenye kiganja, zungusha mpini kati ya viganja viwili kwa kasi ili nywele zilizolegea ziruke, kisha ioshe kwa thina itakayotumika na uikaushe. Zungushia tepu ya karatasi mahali bati linapokutana na nywele, ili rangi isipenye na kugandia ndani. Tepu hiyo itakuokolea muda mwingi wakati wa kuosha.

Brashi mpya isianzie kazi kwenye rangi ya mwisho. Ianze kwenye praima, yaani rangi ya kwanza inayogusa chuma, ambako chuma kikavu na kigumu kitaiondolea nywele zilizobaki na kuzilainisha ncha. Ikishapiga praima ya siku moja au mbili ndipo inafaa kwa rangi ya kung'aa.

Hatua ya 5: Sehemu yenyewe na hali ya hewa

Hapa sitakaa sana, kwani maandalizi ya chuma ni somo zima. Yanayomhusu mwenye brashi ni haya. Osha chumvi kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kukwangua, vinginevyo brashi ya waya itaisukuma chumvi ndani ya chuma. Ondoa mafuta. Kwangua kutu hadi chuma kigumu, na uipige msasa rangi ya zamani iliyoshika vizuri ili kingo zake zishuke taratibu. Kingo kali za chuma zisagwe kwa grenda ziwe duara. Ukingo uliosagwa hushika rangi kuliko ukingo wowote uliopakwa mara tatu bila kusagwa.

Kuhusu hewa, kuna vipimo viwili vya kukumbuka: unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na joto la chuma liwe juu kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi kuliko joto ambalo umande huanza kutunga. Kumbuka ni joto la chuma lenyewe. Bamba linalogusana na maji upande wa pili linaweza kuwa na baridi hata jua likiwa kali. Kwa kazi ya nje subiri umande wa asubuhi ukauke kabisa, fuata upande wa kivuli, na acha mapema jioni. Rangi ya kung'aa ikipatwa na umande kabla ya kukaza, hufifia na hairudi.

Ikiwa unaondoa rangi ya zamani ya chini ya maji, usiipige msasa ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza. Rangi hizo zina sumu ya kuzuia viumbe wa baharini, na kwenye vyombo vya zamani huenda kukawa na tabaka lenye TBT (tributiltini, sumu kali ya kuua viumbe hao), ambayo mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 uliipiga marufuku na ukaanza kutumika tarehe 17 Septemba 2008. Tabaka za ndani zinaweza pia kuwa na risasi. Vumbi la vitu hivyo halifai kuvutwa na mtu yeyote.

Hatua ya 6: Changanya na umimine kidogo

Koroga rangi hadi kitako cha kopo kiwe safi. Za epoksi na za chini ya maji zina unga mzito unaotuama, na ukimimina juu tu unapaka maji ya rangi. Za makopo mawili, fuata uwiano ulioandikwa, upime, usikadirie. Hadina ikizidi haiharakishi, inaharibu utando.

Epoksi iliyochanganywa hutoa joto lake yenyewe, na ikikaa nyingi kwenye chombo kirefu joto hilo huiharakisha igande. Mimina kwenye trei au kopo pana lenye kina kifupi, kiasi cha kazi ya dakika ishirini hivi, na ndoo iliyobaki ikae kivulini. Ikianza kuwa nzito na kuvutika nyuzinyuzi, itupe. Kuizimua kwa thina ili irudi kuwa nyepesi ni kujidanganya, maana tayari imeanza kukaza na haitashika chuma.

Hatua ya 7: Mkono wa kingo

Hii ndiyo kazi iliyofanya niandike mwongozo huu. Mkono wa kingo, ambao kwenye karatasi za rangi huitwa straipu koti, ni rangi inayopigwa kwa brashi kwenye kingo, mishono, pembe na matundu peke yake, kabla au baada ya kila mkono mkubwa wa rola au bunduki.

Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipopitisha viwango vya rangi za matangi ya farumi mwaka 2006, kwa azimio MSC.215(82), lililipa jambo hili uzito unaostahili. Lengo ni rangi idumu miaka 15 kwenye matangi yanayojazwa maji ya bahari ili kuipa meli uzito. Viwango hivyo vinataka kingo zisagwe ziwe duara lenye nusu kipenyo cha angalau milimita 2 au zipitiwe na grenda mara tatu, unene wa jumla wa utando mkavu wa epoksi uwe mikroni 320 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na mikono ya kingo iwe angalau miwili, kwa brashi au rola. Rola yenyewe imeruhusiwa kwa yale matundu na nafasi za kupitishia maji tu. Kwingine ni brashi.

Namna ya kuipiga ni hii. Chovya theluthi moja ya nywele, isizidi nusu. Gongagonga brashi ndani ya kopo pande mbili ili rangi inayodondoka ibaki humo. Usiipanguse kwenye mdomo wa kopo, kwa sababu utaondoa rangi yote uliyoichota upande mmoja. Kwenye mshono wa kuchomelea, anza kwa kusugua: brashi ya mviringo izungushwe kwa nguvu kidogo, kwenda na kurudi, hadi uone kila kishimo na kila mkunjo umelowa. Kishimo kilichobaki kikavu huonekana kama nukta inayong'aa tofauti, na mara nyingi povu dogo hutokea juu yake hewa ikitoka. Sugua tena hadi povu liishe. Baada ya hapo pitisha mpigo mmoja mwepesi kufuata urefu wa mshono, uache utepe wa rangi unaofunika angalau milimita 25 kila upande.

Kwenye ukingo, mwelekeo wa mpigo ni muhimu. Ukiivuta brashi kukatisha ukingo kutoka upande mmoja, nywele zitajikwangua hapo, na rangi yote itabaki upande ulikotoka. Fuata urefu wa ukingo, brashi ikiwa imelalia pande zote mbili kwa pamoja, na mpigo wa mwisho uwe mwepesi mno. Bolti: zungusha juu ya kichwa, kisha kuzunguka kitako, kisha ingiza ncha za nywele kwenye nyuzi zinazoonekana. Matundu ya kupitishia maji: ingiza brashi ya mviringo, izungushe mzunguko mzima, itoe upande wa pili.

Tumia rangi mbili tofauti kwa mikono inayofuatana, kwa mfano kijivu kisha nyekundu hafifu. Ulichokiruka kitajionesha chenyewe. Na uwe na kioo kidogo chenye mpini, kama cha daktari wa meno, ili uone nyuma ya vyuma vya pembe. Ukikagua kwa macho ya mbele peke yake utaona kazi nzuri kila mara.

Ndani ya tangi au chumba kilichofungwa, mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa na hutuama chini, pale pale unapopiga magoti. Hewa chafu ivutwe kutoka chini, taa ziwe za aina isiyotoa cheche, uvae barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali (ya vumbi haisaidii chochote), hewa ipimwe kabla ya kuingia, na awepo mtu mlangoni muda wote. Hakuna rangi inayostahili mtu aingie peke yake.

Hatua ya 8: Sehemu pana

Praima kwenye chuma kilichokwanguliwa kwa mkono ipigwe kwa brashi hata kama eneo ni kubwa. Chuma cha namna hiyo kina vishimo na mabaki madogo ya kutu, na msuguo wa nywele huingiza rangi mahali ambapo rola ingeacha hewa. Weka rangi kwa mipigo mifupi ya kukatisha, isambaze, kisha imalizie kwa mwelekeo mmoja. Brashi hutoa utando mwembamba kuliko bunduki, hivyo tarajia mikono zaidi ili kufika unene uleule.

Pima unapoenda. Chanuo la kupimia rangi mbichi ni kipande kidogo cha chuma chenye meno ya urefu tofauti: lisimamishe wima juu ya rangi, uone jino gani la mwisho limelowa. Rangi yenye asilimia 60 ya vitu visivyovukiza, kwa ujazo, ikipigwa mikroni 200 mbichi itabaki mikroni 120 ikikauka. Ziba alama za chanuo mara moja kwa brashi.

Kwa ubavu unaotakiwa kung'aa, hasa wa boti, njia bora ninayoijua ni ya watu wawili: mmoja anatangulia na rola ya sponji nyembamba au ya manyoya mafupi, wa pili anafuata na brashi bapa pana iliyo karibu kavu, akilainisha. Mwenye rola afunike upana wa nusu mita hivi, kutoka juu hadi chini, na asirudie rudie. Mwenye brashi aishike kwa mlalo wa nyuzi 45, aguse kwa uzito wa brashi yenyewe, aanzie sehemu mpya na kuinua brashi taratibu akiwa ndani ya sehemu iliyotangulia ambayo bado ni mbichi. Mpigo mmoja, basi. Povu la rola litapasuka na rangi itajilaza yenyewe. Akiona kosa dakika tano baadaye, aliache. Litasuguliwa kwa msasa kesho. Kurudi juu ya rangi iliyoanza kukaza kunageuza kosa dogo kuwa kovu.

Kwenye mbao, mpigo wa mwisho ufuate urefu wa ubao, na kila kiungio kisukumiwe rangi kwanza kwa ncha ya brashi kabla ya kusambaza.

Rangi ya chini ya maji, ile ya kuzuia viumbe, haihitaji uzuri wowote. Kinachofanya kazi ni unene. Tumia brashi iliyozeeka au rola, usiilainishe, usiipige msasa baadaye, na ongeza mkono mmoja zaidi kwenye mstari wa maji na ukingo wa mbele wa mkuku (uti wa chini wa chombo) na wa usukani, ambako maji huisugua zaidi. Yenye shaba isigusane na alumini tupu, kwani shaba huila alumini ndani ya maji ya chumvi.

Hatua ya 9: Alama za ubavuni

Chukua brashi nyembamba na utulie. Kwenye alama ya upakiaji, ule mduara uliokatwa na mstari katikati, Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1966 unataka rangi iwe nyeupe au njano juu ya mandharinyuma yenye rangi iliyokoza, au nyeusi juu ya yenye rangi hafifu. Mduara una kipenyo cha milimita 300 na mistari ina upana wa milimita 25. Kwa hiyo usichukue brashi ya milimita 25 ukidhani itakuwa mpigo mmoja. Nywele hutanuka zikibonyezwa. Chukua ya 12 au 15, piga kingo mbili kwanza, kisha ujaze katikati. Alama zenyewe zimewekwa kwenye chuma kwa kudumu, kwa hiyo una mpaka wa kufuata kwa kidole na kwa macho.

Ukingo wa juu wa mstari ndio unaohesabika, na ndio unaopita katikati ya mduara. Rangi ikipanda juu ya hapo, mstari unaonekana kuruhusu mzigo ambao meli haijaruhusiwa kubeba. Kwenye namba za kina za mita, zenye urefu wa sentimita 10, kina husomwa kwenye kitako cha namba, hivyo kitako ndicho kinachotakiwa kunyooka kuliko vyote.

Hatua ya 10: Visivyopakwa

Vifunike kwa tepu na karatasi kabla hujafungua kopo: vipande vya zinki vinavyojitoa mhanga kwa kutu, uso wa vipima kina, mhimili wa propela, mipira ya milango isiyopitisha maji na ya vifuniko vya ngama, matundu ya kuingizia grisi, nyuzi za skrubu za vifungio, na vibao vya majina na namba vya mitambo. Mpira uliopakwa rangi hukakamaa na hauzibi tena maji. Zinki iliyopakwa haifanyi kazi kabisa.

Hatua ya 11: Kuosha na kutunza

Kwa mapumziko mafupi, funga brashi kwa plastiki iliyobanwa vizuri. Alkidi itavumilia hadi kesho yake. Epoksi na poliurethani hazisubiri: muda wa rangi kutumika ukiisha, brashi nayo imeisha, kwa hiyo ioshe kabla.

Kamua kwanza rangi yote kwenye karatasi. Kisha tumia makopo matatu ya thina ya aina ileile iliyotajwa kwenye karatasi ya rangi: la kwanza chafu, la pili nusu safi, la tatu safi. Kila kopo, bonyeza nywele hadi kitako zilipoingia kwenye bati, kwa kuwa rangi inayoua brashi ni ile iliyojificha hapo, na utaijua kwa nywele kutanuka kama kidole kimeingizwa katikati. Kamua, zungusha kati ya viganja, rudia. Malizia kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, chana kwa chanuo, uache ikauke ikiwa imening'inia ncha chini. Ikikauka ifunge kwa karatasi ili nywele zishike umbo. Isisimamishwe kwenye kopo juu ya nywele zake hata usiku mmoja. Itapinda na haitanyooka tena.

Vaa glavu wakati wote huo, na usioshe mikono kwa thina. Epoksi inaweza kuizoesha ngozi vibaya kiasi kwamba baadaye hata tone dogo linaleta vipele.

Acha thina chafu itulie siku kadhaa, umimine ile safi ya juu kwa kuoshea tena, na tope la chini lipelekwe pamoja na taka za kemikali. Kulimwaga baharini ni marufuku chini ya MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, na rangi ya kuzuia viumbe huendelea kuua hata ikiwa kwenye tope. Matambara yenye vanishi au mafuta ya kitani yasirundikwe: hujipasha joto na kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke kwenye chombo cha chuma chenye maji na kifuniko.

Brashi iliyopungua nywele lakini bado ina nguvu ihamishie kwenye rangi ya chini ya maji. Ikishindwa hapo, ioshe mara ya mwisho na uiweke kando ya msasa, ya kupangusia vumbi kwenye mishono kabla ya mkono unaofuata.